Nani Anaweza Kusimamisha Jaribio? Kuhusu Safu ya Uongozi ya Kampuni ya Utafiti na Majaribio ya Anga

Kampuni inayotengeneza ndege huuza ndege, na kampuni inayorusha setilaiti huuza safari ya kwenda kwenye mzingo. Kampuni ya utafiti na majaribio ya anga haina kitu cha aina hiyo cha kupeleka sokoni. Mteja huleta bawa, tangi la mafuta, kioo cha darubini au kipande cha alumini. Kampuni hukipinda, hukipasha moto, hukigandisha, hukitikisa na mara nyingine hukivunja kabisa, kisha humkabidhi mteja ripoti. Ripoti hiyo ndiyo bidhaa. Na kwa kuwa mteja aliyegharamia kazi yote hiyo angependa kuambiwa kwamba kitu chake kiko salama, kampuni hii huishi kwa kuuza jibu ambalo mnunuzi wake huenda asilipende.

Ndiyo maana, kila ninapotaka kuielewa kampuni ya namna hii, mimi huanza na safu ya uongozi wake kabla ya kuuliza handaki lake la upepo, yaani chumba cha kupulizia hewa vielelezo vya ndege, lina ukubwa gani au mashine zake zinavuta kwa nguvu kiasi gani. Vyeo vyenyewe havitofautiani sana kutoka kampuni moja hadi nyingine: kuna mkurugenzi mtendaji, mhandisi mkuu, mkurugenzi wa majaribio, mkuu wa ubora na usalama, mkurugenzi wa fedha, na mtu wa kutafuta wateja. Ninachokitafuta ni kile ambacho vyeo havisemi, yaani ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha jaribio au kuizuia ripoti isitoke, na mtu huyo anawajibika kwa nani. Akiwa anawajibika kwa yule anayepimwa kwa mapato ya robo mwaka, basi shahada na tuzo zilizoorodheshwa chini ya majina yao hazinishughulishi tena.

Kuhusu mkurugenzi mtendaji, wapo wanaoshikilia kwamba kampuni ya sayansi lazima iongozwe na mwanasayansi aliye bora kuliko wote waliomo. Historia ya maabara ya Langley, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, hunifanya nisite. Maabara hiyo ilikuwa chini ya NACA, kamati ya ushauri wa masuala ya anga iliyoundwa mwaka 1915 na ambayo nafasi yake ilichukuliwa na NASA mwaka 1958. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 NACA ilimpata Max Munk, Mjerumani aliyefundishwa na Ludwig Prandtl kule Göttingen, na ambaye katika nadharia ya mtiririko wa hewa hakuwa na mpinzani pale alipofika. Tatizo la mahandaki ya upepo ya enzi hizo lilikuwa kwamba hewa haikipiti kielelezo kidogo cha ndege kwa namna inavyoipita ndege kamili, hivyo vipimo vya maabara vilipotosha. Munk alipendekeza handaki zima liwekwe ndani ya tangi nene la chuma, na hewa ibanwe humo hadi mara 20 ya kanieneo ya kawaida ya angahewa, ili kielelezo chenye ukubwa wa sehemu moja ya ishirini kitoe majibu yanayokaribiana na ya ndege halisi. Handaki hilo lilianza kazi mwaka 1922, na likaipa Langley kitu ambacho maabara za Ulaya hazikuwa nacho.

Mwaka 1926 Munk akapewa ukuu wa kitengo cha aerodinamiki hapo Langley, na haukupita muda mambo yakaharibika. Aliongoza kwa amri, hakuwa na subira na wahandisi wenye mawazo yao, na mwanzoni mwa mwaka 1927 wakuu wa sehemu zilizokuwa chini yake wakajiuzulu kwa pamoja. Munk naye akaondoka. Aliyekuwa akiiongoza maabara nzima, Henry Reid, alikuwa mhandisi wa umeme ambaye hakuna aliyemhesabu kuwa bingwa wa nadharia. Alidumu katika uongozi huo kwa zaidi ya miaka 30, na chini yake lile handaki alilolibuni Munk lilitumika kupima maumbo 78 ya mabawa yaliyopangwa kwa familia, matokeo ambayo yalichapishwa mwaka 1933 na kutumiwa na wabunifu wa ndege katika nchi nyingi.

Sidai kwamba ujuzi haujalishi. Mkurugenzi mtendaji asiyeweza kuisoma mwenyewe grafu ya mzigo na mnyumbuko atabaki kutegemea kusimuliwa, na msimuliaji akiwa ni mtu wa mauzo, atasimuliwa vizuri mno. Hata hivyo kipaji cha kubuni jaribio na kipaji cha kuwaongoza wanaofanya majaribio ni vipaji viwili, na bodi inayoviona kuwa kimoja itampandisha Munk wake mahali ambapo hatafaa, kisha itampoteza kabisa, kama NACA ilivyompoteza mtu ambaye angeweza kuwaachia mahandaki mengine.

Cheo ambacho mimi hukitazama kwa muda mrefu zaidi ni cha mhandisi mkuu. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za chombo cha anga cha Challenger, walikuwa kwenye mkutano wa simu na maofisa wa NASA. Asubuhi iliyokuwa ikikaribia ilitabiriwa kuwa na baridi kuliko uzinduzi wowote uliotangulia, na Roger Boisjoly pamoja na wenzake walionya kwamba pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi zingekakamaa na kuchelewa kuziba. Pendekezo lao lilikuwa chombo kisirushwe kama joto liko chini ya nyuzi 12 za Selsiasi. Maofisa wa NASA walilipinga, na kampuni ikaomba dakika chache za kuzungumza yenyewe kwa faragha. Katika mazungumzo hayo Jerald Mason, kiongozi wa ngazi ya juu, alimwambia Robert Lund, makamu wa rais wa uhandisi, avue kofia ya uhandisi na avae kofia ya uongozi. Lund akageuka. Simu iliporejea, kampuni ilikuwa tayari na jibu ambalo mteja alilitaka. Kesho yake, sekunde 73 baada ya kuruka, chombo kilisambaratika na watu saba wakafa.

Maneno yale ya kofia hurudiwa sana katika madarasa ya maadili ya uhandisi, na lawama humwangukia Lund kama mtu asiye na uti wa mgongo. Mimi naiona kasoro ya muundo kabla ya kasoro ya mtu. Uhandisi ulikuwa na kiti kimoja kwenye meza ile, na waliotaka kiti hicho kibadilishe kauli walikuwa viongozi wenzake na mkubwa wake. Hakukuwa na mlango wa pili. Allan McDonald, mkurugenzi wa mradi wa roketi hizo, alikuwa Florida kwenye eneo la uzinduzi na alikataa kutia saini. Saini ikatolewa na kiongozi mwingine aliyekuwa Utah, ikatumwa kwa faksi. Kama saini ya mtu mmoja inaweza kuchukuliwa mahali pengine pindi mwenyewe anapoikataa, basi tangu mwanzo saini hiyo haikuwa kizuizi bali utaratibu wa makaratasi. McDonald alishushwa cheo baada ya kutoa ushahidi wake, Bunge la Marekani likaingilia kati, na hatimaye yeye ndiye aliyepewa kazi ya kusimamia usanifu mpya wa maungio yaleyale.

Ilichukua ajali nyingine, ya chombo cha anga cha Columbia mwaka 2003, kabla ya NASA kuanzisha kituo cha uhandisi na usalama chenye makao yake Langley, ambacho fedha zake hazitoki kwenye miradi kinayoikagua. Jambo la fedha hapo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mkaguzi anayelipwa na mradi anaoukagua hahitaji kutishwa na mtu yeyote; inatosha ajue kwamba mradi ukisimama, nafasi yake nayo itatafutiwa sababu ya kuondolewa. Katika kampuni ya kibinafsi sheria hiyohiyo inatumika: mhandisi mkuu aajiriwe na kufukuzwa na bodi, au angalau bodi iambiwe na yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kila anapopingwa na mkurugenzi mtendaji.

Mkurugenzi wa majaribio naye ana mamlaka ambayo watu wa nje hawayaoni, nayo ni kuamua jaribio lipi litangulie na lipi lifuate. Hilo linaweza kuonekana kama suala la ratiba tu, lakini kisa cha ndege ya Comet kinaonyesha vingine. Ndege hiyo ya Uingereza, ya kwanza ya abiria kutumia injini za jeti, ilipata ajali mbili mwaka 1954: moja karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari, nyingine karibu na Napoli tarehe 8 Aprili. Ya kwanza ilikuwa imeruka mara 1,290, ya pili mara 900. Lakini watengenezaji walikuwa wamekwisha kukijaribu kipande cha kiwiliwili chake kwa kukijaza shinikizo na kulitoa zaidi ya mara 16,000 kabla hakijapasuka. Tofauti hiyo ilitoka wapi? Kipande kilichojaribiwa kilikuwa kimetangulia kutumika katika jaribio jingine la nguvu, ambamo kilijazwa shinikizo maradufu ya lile la kawaida. Mkazo ule mkubwa wa mwanzo ulikuwa umeikakamaza metali kwenye kona za madirisha, mahali ambapo nyufa za uchovu, yaani zile zinazotokana na metali kubebeshwa mzigo tena na tena, huanzia, na hivyo ukaipa uhai ambao ndege zilizokuwa zikibeba abiria hazikuwa nao. Kila jaribio lilifanywa sawasawa, ila kuyafanya yote mawili kwa kipande kimoja, kwa mpangilio ule, ndiko kulikotoa jibu la uongo.

Aliyekuja kulitoa jibu la kweli ni Arnold Hall, mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa ndege ya Farnborough, ambaye wakati huo alikuwa bado hajafika umri wa miaka 40. Hall aliamua ndege nzima, yenye namba ya usajili G-ALYU, izamishwe kwenye tangi la maji lililojengwa kuizunguka, mabawa yakichomoza nje kupitia matundu yaliyozibwa yasivujishe. Maji yalisukumwa ndani ya kiwiliwili na kutolewa, huku mitambo ya haidroliki ikiyapinda mabawa juu na chini, na kila mzunguko ukahesabiwa kuwa safari moja. Uchaguzi wa maji badala ya hewa ndio ninaouhusudu zaidi. Hewa iliyobanwa huhifadhi nishati nyingi. Chumba kikipasuka, hulipuka kama bomu na kuutawanya ushahidi pamoja na jengo. Maji hayabaniki kirahisi, kwa hiyo ufa ukitokea shinikizo huanguka papo hapo na ufa hubaki pale ulipo, ukisubiri kusomwa. Tarehe 24 Juni 1954 kiwiliwili kikapasuka. Safari 1,221 za kweli, ukijumlisha na 1,836 za ndani ya tangi, zilikuwa 3,057. Hapo tena hakuna aliyeweza kudai kwamba ndege zile zilianguka kwa bahati mbaya.

Angalia jinsi uamuzi ule ulivyokuwa wa kiongozi na si wa fundi. Mtu alihitajika kuidhinisha tangi la ukubwa huo, kuitoa mhanga ndege kamili, na kuwaambia wakubwa serikalini kwamba jibu halitapatikana kwa kupima kipande. Kampuni nyingi zina mafundi wanaojua lipi lingekuwa jaribio sahihi. Wanachokosa ni mkurugenzi wa majaribio aliye tayari kulipigania mbele ya mkurugenzi wa fedha.

Nafasi ya mkuu wa ubora huwa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na katika kampuni kadhaa nimeona ikipewa mtu anayekaribia kustaafu ili apumzike. Wanaofanya hivyo wangesoma kilichotokea kwa kioo kikuu cha darubini ya Hubble, chenye upana wa mita 2.4, kilichong'arishwa na kampuni ya Perkin-Elmer. Umbo la kioo lilipimwa kwa kifaa maalumu chenye vioo viwili vidogo na lenzi moja, na umbali kati yake ulipangwa kwa kutumia fito ya chuma yenye urefu uliojulikana kwa usahihi mkubwa. Mwali wa leza ulipaswa kuakisiwa kutoka kwenye ncha ya fito hiyo, kupitia tundu dogo la kifuniko kilichopakwa rangi isiyoakisi mwanga. Rangi ilikuwa imebanduka kidogo. Mwali ukaakisiwa kutoka kwenye kifuniko badala ya ncha ya fito, na lenzi ikawekwa milimita 1.3 mbali na mahali pake. Iliposhindikana kuisogeza lenzi hadi mahali leza ilipoelekeza, mafundi waliongeza washa za kawaida, yaani vile vipande bapa vya duara vinavyowekwa chini ya nati, ili ifike. Washa! Katika kifaa cha kupima kwa sehemu ndogo sana za mikromita.

Kosa lilionekana. Vifaa vingine viwili, vya usahihi mdogo zaidi, vilionyesha kwamba kioo kina kasoro, lakini majibu yake yaliwekwa kando kwa hoja kwamba kifaa kikuu ndicho bora na hivyo ndicho cha kuaminiwa. Darubini ilirushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo kilichong'arishwa kwa ustadi wa ajabu kuwa na umbo lisilo sahihi, kingo zake zikiwa zimepungua kwa takriban mikromita 2.2. Tume iliyochunguza, chini ya Lew Allen, haikuishia kwenye rangi iliyobanduka. Iligusa uongozi: ratiba na gharama zilikuwa zimeshika hatamu, waliobuni kifaa hawakuwa karibu na waliokitumia, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kudai maelezo pale vipimo vitatu vilipokosa kuafikiana. Huyo wa kudai maelezo ndiye mkuu wa ubora ninayemtaka, mtu ambaye vipimo viwili vikigongana hataruhusu kazi isonge mbele hadi mgongano ueleweke, hata kama kifaa kinachosema kizuri ndicho chenye bei kubwa.

Upande wa udanganyifu wa makusudi nitaupitia kwa ufupi, maana hauhitaji uchambuzi mrefu. Mwaka 2019, kampuni ya Sapa Profiles ya Oregon, iliyokuwa ikitengeneza vipande vya alumini, ilikubali kulipa dola milioni 46 kumaliza mashtaka kwamba kwa miaka 19 ilibadilisha matokeo ya majaribio ya nguvu za metali yake, na kuwapa wateja vyeti vya uongo kwa maelfu. Uchunguzi wa NASA ulihitimisha kwamba alumini hiyo ilichangia vifuniko vya roketi ya Taurus XL kushindwa kufunguka mwaka 2009 na tena mwaka 2011, na setilaiti za uchunguzi wa dunia za OCO na Glory, miradi ambayo kwa jumla thamani yake ilizidi dola milioni 700, zikapotea. Msimamizi wa maabara alihukumiwa kifungo. Lakini soma nyuma ya kisa: bonasi za wafanyakazi zilitegemea uzalishaji, na maabara iliyopaswa kuukataa mzigo mbovu ilikuwa ndani ya kiwanda kilichotaka mzigo huo utoke. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kiwango cha kimataifa cha maabara za majaribio, ISO/IEC 17025, kinakataza waziwazi kuacha misukumo ya kibiashara na ya kifedha iathiri kutopendelea kwa maabara, ila kiwango hakikai ofisini. Anayekaa ofisini ni mtu anayepanga bonasi. Kwa hiyo swali langu kwa mkurugenzi wa fedha ni moja tu: bonasi za watu wa maabara zimefungwa kwenye nini?

Kwa mtu wa mauzo sina mengi ya kumwambia. Alete wateja, na asiwe na namba ya siri ya kufungulia rasimu ya ripoti.

Na kwa kuwa nimefanya kazi ya kuhakiki ripoti za kiufundi kwa muda mrefu, nitajipendelea kidogo na kusema kwamba kuna kiongozi ambaye karibu kampuni zote humsahau, naye ni mkuu wa ripoti. Nirudi Langley. Mwaka 1922 maabara hiyo ilimwajiri Pearl Young, mwanafizikia, mwanamke wa kwanza kuajiriwa huko katika kazi ya kitaalamu. Alianzia kwenye kitengo cha vifaa vya kupimia, kisha akaona kwamba ripoti za wahandisi hazina mtu wa kuziangalia kwa jicho la msomaji, akahamia kwenye uhariri na hatimaye akawa mhariri mkuu wa kiufundi. Chini ya utaratibu aliousimamia, ripoti ilipitiwa na kamati ya wenzake mwandishi, ikakaguliwa namba kwa namba na neno kwa neno, ikarudishwa, ikaandikwa upya. Wapo wahandisi waliochukia hilo. Lakini ripoti za NACA zilipata heshima iliyodumu miongo mingi, na naamini heshima hiyo ilijengwa kwenye meza ya uhariri kama ilivyojengwa kwenye handaki. Sentensi inayosema kwamba kipande "kilifaulu kwa ujumla" haipaswi kutoka nje ya mlango wa kampuni ya majaribio, na kampuni isiyo na mtu wa ngazi ya juu wa kuikata sentensi hiyo itaiona ikitoka kila mwezi. Linganisha na bawa la Airbus A380, ambalo katika jaribio la Februari 2006 lilivunjika likiwa limebeba kati ya mara 1.45 na 1.5 ya mzigo wa juu unaotarajiwa angani, ilhali lilitakiwa kufika 1.5. Pengo lilikuwa dogo sana, na kishawishi cha kulizungusha kwa maneno kilikuwepo. Ikaandikwa kwamba halikufika, bawa likaimarishwa, na ndege ikapata cheti chake mwaka huohuo.

Juu ya wote hawa kuna mmiliki na bodi. Hapo mfano ninaoupenda ni Aerospace Corporation ya California, iliyoundwa mwaka 1960 baada ya wabunge wa Marekani kulalamika kwamba kampuni iliyokuwa ikilishauri jeshi la anga kuhusu makombora ilikuwa na uhusiano wa karibu mno na watengenezaji. Suluhisho lilikuwa shirika lisilotafuta faida, lisiloruhusiwa kutengeneza vifaa linavyovitolea ushauri, na rais wake wa kwanza, Ivan Getting, aliliongoza hadi mwaka 1977. Muundo huo una gharama zake, mojawapo ikiwa ni uzito wa kufanya maamuzi, na si kila kampuni inaweza kuufuata. Lakini unaondoa hoja moja kubwa mezani kabla mkutano haujaanza.

Ipo sifa moja ya kiongozi ambayo muundo hauwezi kuitoa, nayo ni utayari wa kulipia jaribio la jambo ambalo kila mtu anaamini tayari analijua. Baada ya Columbia, wengi ndani ya NASA hawakuamini kwamba povu jepesi la tangi la mafuta, lililobanduka na kuligonga bawa wakati wa kuruka, lingeweza kutoboa ukingo wake mgumu. Scott Hubbard, mjumbe wa bodi ya uchunguzi na mkurugenzi wa kituo cha Ames, alisisitiza lijaribiwe, na kazi ikapelekwa Southwest Research Institute huko San Antonio, taasisi huru ya utafiti na majaribio iliyoanzishwa mwaka 1947. Tarehe 7 Julai 2003 mzinga wa gesi ulifyatua kipande cha povu chenye uzito wa takriban gramu 760, kwa kasi ya takriban kilomita 850 kwa saa, kwenye paneli halisi ya ukingo wa bawa. Likabaki tundu lenye upana wa sentimita 40 hivi. Mabishano ya miezi mitano yakaisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na yangeweza kuendelea kwa miaka kama mtu mwenye cheo asingesema povu lirushwe.

Mwisho kabisa, huwa nauliza kuhusu zamu ya usiku. Majaribio ya uchovu wa metali huendelea kwa wiki na miezi bila kuzimwa, na viongozi wote niliowataja huwa wamelala wakati mashine ikiendelea kupinda na kunyoosha. Fundi wa zamu akiona saa tisa usiku kwamba sensa moja imeanza kusoma vibaya, au kuna mstari mwembamba karibu na ribiti ambao jana haukuwepo, je, anaruhusiwa kubonyeza kitufe cha kusimamisha bila kumpigia simu mtu yeyote? Na mkurugenzi wa majaribio akifika asubuhi na kuikuta mashine imezimwa, anaanza kwa kuuliza mstari huo uko wapi, au kwa kuuliza saa ngapi zimepotea? Waulize mafundi wawili kwa nyakati tofauti, na usiwaulize mbele ya mkubwa wao.